Flashi Niliyoisingizia Harusini

Chekeni tu, nimeshazoea. Jumamosi iliyopita nilipiga picha za harusi Ujiji kwa flashi niliyoiazima kwa Shabani, mpiga picha mwenzangu wa Kigoma mjini. Maharusi walikaa jukwaani, mbali nami, na kila picha ilitoka giza. Zumu ya flashi, ile inayokusanya mwanga ufike mbali, ilikuwa imekwama. Mwanga ukatawanyika ukumbini bila kuwafikia. Nikabonyeza vitufe vyote, nikabadilisha betri, nikaizima na kuiwasha. Wapi!

"Mwanangu, kuna nini?" akauliza mama wa bibi harusi. "Wazee wanasubiri kula."

"Nimepewa flashi mbovu, mama," nikajibu kwa sauti, ili ukumbi mzima ujue kosa si langu. Nikampigia Shabani, nikaweka spika wamsikie akijitetea.

"Shabani, umeniaibisha! Zumu yako haisogei!"

Akaniuliza, "Dada Neema, kile kiplastiki cha kutawanya mwanga kiko nje?"

Nikatazama. Kilikuwa kimefunika uso wa flashi. Nilikivuta mwenyewe asubuhi nikifuta vumbi, nikasahau.

"Kirudishe ndani. Kikiwa nje, zumu inajifunga."

Nikakisukuma. Zumu ikasogea pale pale, na meza ya mbele ikaangua kicheko. Mama wa bibi harusi akainamia simu yangu.

"Shabani, ahsante baba. Hebu tuambie unapatikana wapi, maana mdogo wake bibi harusi naye anaolewa karibuni."