Siku Niliyomlilia Mwalimu Njiru Akiwa Hai

Msicheke bado, ngojeni nimalize, kwa sababu hii aibu mpaka leo nikipita mtaa wa Majimbo natembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu kijana hapo Embu, nimepanga chumba kimoja, na kaka yangu akaniletea kutoka Nairobi mashine ya michezo ya kuchomeka kwa TV, ndani yake mchezo wa Wajapani. Mimi nilizoea ile ya risasi na kuruka-ruka, lakini huu ulikuwa kitu kingine kabisa: unasafiri na wenzako, mnalala hoteli, mnanunua dawa, mnaongea na wanakijiji, na (hapa ndipo shetani alinipata) majina unawapa wewe mwenyewe. Wa kwanza nikamwita Wanja, ndio mimi. Yule mrefu wa upanga nikamwita Njiru.

Sasa Njiru alikuwa mwalimu wa kilimo shuleni kwetu, mtu wa Runyenjes, mpole, na nilimpenda kimyakimya hata salamu yake ilinimwagisha chai.

Tukatembea misituni wiki nzima, mimi na Njiru, akinikinga na majoka. Jumamosi moja mchana joka la barafu likampuliza mara moja tu, maandishi yakatokea kwamba Njiru amekufa, muziki ukageuka wa huzuni (hao Wajapani wanajua kuliza mtu), nami nikajisahau nikapiga nduru: "Woooi! Njiru amekufa! Njiru wangu!"

Na kuta zetu zilikuwa za mbao. Jirani yangu Mama Karimi akasikia, akatangazia wapangaji wa ploti yote, na kabla sijapangusa machozi chumba kimejaa wanawake, mmoja ameanza wimbo wa kanisa, mwingine amenishika mabega: "Lia, mwalimu, usijizuie." Nikisema ni mchezo, wanasema ni mshtuko.

Wakiwa bado wanaimba, mlango ukafunguka. Njiru mwenyewe, jasho tele (kuna mtu alikuwa amemkimbilia sokoni kumwuliza kama yuko hai).

"Wanja, nani amekufa?"

Wimbo ukakatika. Nikaonyesha TV. Akainama, akasoma jina lake polepole, halafu langu kando yake.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo."

"Na huyo 'Njiru wangu' wanayenisimulia huko nje, pia ni mimi?"

"Ngai!" akasema Mama Karimi, akajiweka vizuri kitandani, asipitwe.

"Ndiyo," nikajibu, nikitamani joka linimeze na mimi.

Njiru akavuta kigoda akaketi. "Basi nifufue, nione."

Nikamfufua mbele ya ploti nzima, na wale wamama waliokuja kwa matanga wakapiga vigelegele.

Tangu hapo niliapa jina la mtu anayepumua siandiki tena kwa mchezo. Mpiganaji wangu namwita Mbuzi, na siku akifa, Njiru hukimbia kufunga mlango kabla sijafungua mdomo.