Mama Aliponisifia kwa Daktari

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwetu Mobeni, huku kusini mwa Afrika, kwenda kununua mkate. Sikuwa na mpango wowote. Hata huo wa mkate walinipa wenzangu wawili niliokuwa nikikaa nao. Nje ya duka nikaona lori limebeba piano. Nikawauliza wabebaji, piano inapitaje mlangoni? Wakasema, panda uone. Ndivyo nilivyofika Morningside, mtaa wa matajiri, nikiwa na kandambili.

Piano hupitia dirishani.

Mkabala na nyumba iliyopelekewa piano kulikuwa na kliniki, na mlangoni tangazo: "Unaanza mambo mengi na humalizi hata moja? Huenda ni ADHD. Dawa zipo, na watu wa kukusaidia wapo." Niliingia kuuliza nani aliwapa habari zangu.

Kwa kawaida mtu husubiri miezi kumwona daktari, lakini aliyepangiwa saa ile alikuwa amesahau kuja. Kliniki ya watu kama sisi ina faida zake.

Daktari alinihoji, akanipima presha, akasema dalili anaziona, ila hatanipa dawa mpaka amsikie mtu aliyenijua utotoni. Nilizitaka sana dawa hizo. Nilikwisha fukuzwa gereji, bohari na duka la simu, na kila bosi alinipenda mpaka siku ya mwisho.

"Tumpigie mama yako," alisema. "Lakini usitafsiri wewe."

Akaitwa mkalimani, mwanamke wa Kikongo mwenye saluni Isipingo, aliyekuja siku hiyo kwenye kikao cha wenye akili zisizotulia, yake ikiwamo. Simu ikaita Tanga.

"Mama, jambo. Tunatafuta kujua tabia ya mtoto yako. Zamani alikuwaka anatulia?"

Nikamsikia mama akikohoa kile kikohozi chake cha wageni.

"Mwanangu? Katulia kama maji ya mtungini. Ukimkalisha asubuhi, jioni utamkuta palepale."

Daktari akaandika huku amekunja uso.

"Alikuwaka anapoteza vitu?"

"Hajapoteza hata kifungo."

"Na shule?"

"Walimu walilia siku aliyoondoka."

Hilo lilikuwa kweli, ingawa si kwa huzuni. Nikaziona dawa zangu zinakwenda zao. Kisha mama akauliza kwa sauti tamu, "Na binti yenu mwenyewe, mwanangu, ana umri gani?"

Ndipo nilipoelewa. Kwetu, mtu usiyemjua akiuliza tabia ya kijana wako, ujue upande wa binti unapeleleza kabla ya kukubali posa. Mama alikuwa ameisubiri simu hiyo miaka mingi.

Mkalimani alicheka mpaka akainama. "Mama, hakuna bibi harusi huku. Iko daktari tu. Anatafuta dawa ya mtoto yako."

Utamu ukaitoka sauti ya mama.

"Hakuna harusi?"

"Hakuna."

"Wala posa?"

"Wala."

"Basi kaa kitako, nikueleze."

Akaeleza nilivyotumwa chumvi nikarudi jioni na mbuzi wa watu. Akaeleza nilivyoacha shule kuwafuata wachimba kisima, na kisima chenyewe nikakikimbia kabla maji hayajatoka. Kalamu ya daktari ikaisha wino, akachukua nyingine.

Nikapewa cheti cha dawa, pamoja na ushauri kwamba nikae na mtu atakayeniona nikimeza kila asubuhi. Nikawapigia wenzangu wa Mobeni niwaombe kazi hiyo.

"Eish! Mkate uko wapi? Chai imepoa, tumeichemsha, imepoa tena! Kaa hukohuko!"

"Kwangu iko chumba nyuma ya saluni," alisema mkalimani. "Lakini ndugu yangu, mimi pia nasahau. Utanikumbusha dawa yangu, nami nitakukumbusha yako."

Tulipitia duka la dawa, tukafika Isipingo jua likielekea kuzama. Ufunguo hakujua aliuacha wapi. Nikapitia dirishani, kama piano, nikamfungulia mlango mwenye nyumba. Kulikuwa na kitanda, birika, na madirisha mawili ya kuchungulia watu. Nikaweka dawa juu ya birika, kwani chai siisahau.

Simu ikaita. Mama.

"Yule dada mwenye sauti nzuri, ameolewa?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Mwambie yale ya mbuzi nilitania."