Supu ya Mgeni

Juzi pale Makambako nilimkuta mama mmoja Mchina akichemsha kuku na tangawizi kwa moto mdogo, supu ya kumtuliza mumewe aliyechoshwa na kazi. Harufu ile ilinirudisha jikoni kwetu Kifanya, kwenye moshi wa kuni za miti ya miwati, alasiri ambayo Mama alichemsha jogoo taratibu kwa ajili ya mwanamume aliyekonda, aliyekaa akitazama moto. Kwetu kuku alichinjwa akija mgeni, basi nikauliza, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?"

Mama akainamia chungu. Aliyejibu ni yule mwanamume, kwa sauti iliyochoka. "Ngoja ninywe supu kwanza."

Alikuwa baba yangu nisiyemjua, aliyekwenda kukata mkonge nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilikaa nikilitazama bakuli lake, nikiomba amalize upesi.