Mfuko Uliohamia Ubavuni

Mdogo wangu anayenifuata ni fundi wa blauzi. Si fundi wa kila kitu. Ukimpelekea suruali atakuelekeza kwa mwingine, tena kwa adabu. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi niliyembeba mgongoni. Chumba chake cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia na pasi, na ukutani ametundika violezo vyake vya karatasi ya kaki, kila kimoja na msumari wake.

Mteja akija na kitambaa, Fundi hamwulizi anataka mtindo gani. Anamwuliza anaamka saa ngapi na anakwenda wapi. Blauzi nzuri, husema, ni ile inayokwenda kazini, harusini na msibani bila kuuliza njia. Tena huwaonya kwamba kitambaa cha kufumwa si fulana, hakivutiki wala hakisamehe; ukikosea kiolezo, sindano haitakuokoa.

Binti yake wa pekee tulimwita Kibonge tangu utotoni. Mtoto alikuwa na mashavu! Alilelewa chini ya meza ile ile, akichezea vipande vya kitambaa, na alipokua akapata kazi ya mapokezi katika ofisi moja. Kila blauzi aliyovaa pale ilitoka kwa mama yake, na wenzake walimtania kwamba ameolewa na cherehani.

Ugonjwa ulimrudisha nyumbani amekonda. Hospitali walisema walichosema, wakampa vidonge na tarehe za kurudi. Yeye hakutaka kusikia habari za mizani. Siku moja alijitazama kwenye kioo cha kabati, akatuambia, kama mtu anayeongea habari za mvua, "Siku nguo zikinikataa, nitajua safari imefika."

Basi Fundi akaapa kwamba nguo hazitamkataa.

Aliniita tukavitandaza violezo mezani. Kile cha kubana kiunoni alikiweka kando kwanza, maana kingesema yote kwa wiki moja. Cha kola na mikono ya kupachika nacho akakikataa: mabega yakipungua, mshono wa bega hushuka mkononi, na hata kipofu ataona. Akabaki na kile ambacho mkono na kiwiliwili hukatwa pamoja, hakina mshono wa bega, kinaning'inia tu juu ya mwili wowote. Mshono wake wa pembeni ni mmoja, kutoka mkononi hadi kwenye upindo. Huo unaweza kuubana kidogo kidogo, na mvaaji asijue. Kibonge mwenyewe alidai kitu kimoja tu: mifuko miwili mbele, ya simu na vidonge.

Alimshonea kadhaa za namna hiyo, za rangi mbalimbali. Na kila zilipofuliwa, binti akiwa amelala mchana, Fundi alizianua, akazigeuza ndani nje, akabana pembeni upana wa uzi au kidole. Mimi nilikuwa nikimshikia pini. Kibonge alikuwa akivaa, anajigeuza mbele ya kioo, anasema, "Mnaona? Bado nimo." Mama yake anaitikia, "Umo, mwanangu," kisha anakwenda jikoni kukoroga sufuria isiyo na kitu.

Lakini fundi akiukazia macho mshono anaoubana leo, husahau mfuko alioupachika jana. Pembeni pakiliwa, mfuko haupungui wala haukai mahali pake. Kila mbano unausogeza mshononi. Sisi wawili, na umri wetu huu, hatukuliona hilo.

Asubuhi moja Kibonge aliketi mlangoni mwa chumba cha mbele. Akatafuta mfuko atoe vidonge. Mkono ukapapasa tumboni, ukapita, kiwiko kikaenda nyuma.

"Mama," akasema, "mfuko wangu unahama. Kesho kutwa utafika mgongoni."

Tukacheka. Fundi akajitetea kwamba kitambaa kimerudi kwa kufuliwa.

"Kitambaa gani kinarudi mbavuni tu, urefu kikauacha? Nimekulia chini ya meza hii, mama." Akanigeukia. "Na wewe Mama Mkubwa, ndiye mshika pini?"

Nikaweka kopo la pini mezani, mbele yake.

Kibonge hakukasirika. Alisema amechoka kuishi ndani ya hema. Akaomba ile ya kubana kiunoni, yenye vifungo, ikatwe kwa mwili alio nao. "Chukua futi, mama. Nipime."

Fundi aliizungusha futi kifuani mwa mwanawe, akainama kusoma, asiweze. Basi nikainama mimi nikasoma. Nikataja kifua, nikataja kiuno, nikataja bega, kwa sauti, kama tunavyomtajia mteja yeyote. Kibonge alisikiliza kila namba mpaka mwisho.

"Kumbe huyu ndiye mimi," akasema.

Ndipo alipolia, na mama yake akalia naye waziwazi. Tangu siku ile Kibonge aliacha kuuma shuka ili tusimsikie. Pakimuuma anasema panauma. Alimweleza mama yake nguo zake zigawiwe nani, na nani asiguse hata moja, na hapo walicheka, maana huyo wa kunyimwa tulimjua sote.

Blauzi ilikaa mwilini kama maji kwenye kikombe. Aliivaa akaomba kiti nje, akakaa juani, wapita njia wakimwona alivyo. Wengine walisahau hata kusalimu. Mvua zilipoanza hakutoka tena kitandani, na kabla hazijaisha tulimzika.

Siku ile nyumba ilijaa watu. Mama mmoja wa mtaa wa pili, mteja wa miaka mingi, alikaa karibu na Fundi akamshika mkono. Alikuwa amesikia habari za mishono, sijui kwa nani. Akasema ulikuwa upendo wa ajabu, na kwamba la kushukuru ni moja: mtoto ameondoka bila kujua.

Fundi alimwacha amalize.

"Alijua, dada," akamjibu. "Tulimpima."