Utando Juu ya Chai

Juzi asubuhi, mgahawani Makambako, ukungu umeziba mlango, nilikaa jirani na wanafunzi wawili, dada na mdogo wake. Kesho yake mdogo alikuwa na jaribio la kunasa seli hai ya ubongo kwa kijibomba cha kioo. Akishindwa tena, anaondolewa maabarani.

"Mwalimu anasema sina kipaji, dada."

"Kipaji gani! Gusa huo utando wa maziwa juu ya chai yako kwa mrija, usiutoboe. Sasa vuta kidogo tu, kama unaonja chai ya moto."

Utando ukanata. Dada akabonyeza simu: tik, tik-tik, tik.

"Ukinasa, mashine italia hivi. Utakachopewa ni kipande cha ubongo wa panya. Panya mwenyewe alishakufa."

Mama mwenye birika akapiga ishara ya msalaba.

"Kama alishakufa, nani anagonga?"

"Seli yake, mama. Bado inaongea."

"Inamwambia nani?"

Dada akamsogezea mdogo wake kikombe. Mdogo akarudia, na utando ukanata tena.

Walimu wetu, kinachofundishika kwa kikombe cha chai mnakiitaje kipaji? Mkimaliza kunijibu, mjibuni na yule mama. Mimi tangu juzi chai naikoroga kabla haijaweka utando, nisije nikasikia kitu kinagonga.