Siku Nilipomlilia Yaya Filomena

Wenzangu, mkiniona Jumapili baada ya misa nakata kona na kupita njia ya nyuma, ile mbaya yenye mashimo, msidhani nimepotea, nakwepa tu parseli moja, nyumba na uwanja wake, ya hapa mtaani Hewa Bora, na mtu mzima wa umri wangu, presidante wa kikundi cha huruma cha parokia, mwenye wajukuu, kukwepa parseli kama mtoto aliyevunja kioo cha watu ni aibu ambayo sikuwahi kufikiri itanifika. Nitawasimulia mwenyewe, maana najua mmeshasimuliwa na wengine na wameongeza chumvi (hapana, sikuzimia, huo ni uongo wa Mama Kabwe).

Kikundi chetu mnakijua, ni cha akina mama, tunatembelea wagonjwa na wajane na wazee ambao watoto wao wako mbali, tunapeleka unga, mafuta, sabuni, na penye kilio cha msiba ndio sisi tunaokuja na viti na sufuria kubwa, tumevaa kitenge chetu cha bluu na kitambaa cheupe kichwani. Hapa kwetu mtu akiona gari la parokia limebeba viti na sufuria na akina mama wa kitenge cha bluu wakiimba, haulizi kuna nini, anauliza ni nani. Hilo nililijua kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana sina pa kujifichia.

Sasa, Yaya Filomena. Yaya kwetu ni dada mkubwa, lakini si dada yangu wa damu, ni mkubwa wangu tu, mjane wa mfanyakazi wa reli, familia yao ilitoka kaskazini, upande wa Kongolo, tangu wazee wao walipokuja kutafuta kazi, na ndiye aliyenipokea kwenye kikundi nikiwa bado bibi arusi nisiyejua hata kusonga bukari ya watu wengi. Mumewe alipokufa maisha yakageuka. Mtoto aliyebakiwa naye ni mmoja tu, Sylvain, alikwenda Kasomeno kufanya biashara ya samaki, biashara ikafa mikononi mwake, akawa hatumi kitu wala haji, anaona haya kuja mikono mitupu. Nilipomwambia Yaya kwamba parokia inaweza kumsaidia unga, alikubali kwa sharti moja.

“Mudogo yangu, bantu basijue,” aliniambia. “Bakijua, batasema Sylvain ananitupa. Na yee akisikia vile banamusema, hatakuya tena kukanyaga hapa.”

Basi tukawa na mchezo wetu. Nilikuwa namwendea asubuhi, peke yangu, kwa miguu, kikapu kichwani, unga chini na mboga ya lengalenga juu, na nikifika mlangoni napaza sauti ili jirani wote wasikie: “Yaya, hodi! Mizigo ya Kasomeno imefika!” Naye kutoka barazani anajibu kwa sauti kubwa zaidi: “Aksanti! Uyu mutoto anahangaika sana na miye!” Halafu tunakaa palepale barazani, kwenye viti vyake viwili vya plastiki, tunacheka chinichini kama wasichana, na nilizipenda zile asubuhi, naomba mlijue hilo kabla sijaendelea. Ndani hatukuingia. Hakuna aliyeingia salo, sebuleni, kwa Yaya siku hizo, lakini pazia la dirishani lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na mimi sikujiuliza kitu.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka kuondoa kilio cha mume wa mwenzetu mmoja. Jua kali, magoti yangu yanauma (haya magoti ndiyo mzizi wa fitina yote), gari la parokia limejaa viti, sufuria, mikeka na makala ya kupikia yaliyobaki, akina mama wako nyuma wanaimba bado, mimi nimekaa mbele na shoferi, Papa Dieudo, na miguuni pangu kuna kiroba cha unga wa Yaya ambacho nilipaswa kumpelekea kesho yake. Gari likakata kuingia barabara ya kwake. Nikafikiri, nitembee tena kesho na magoti haya kwa nini, wakati gari linapita mlangoni? Nikasema, “Papa Dieudo, simama kidogo hapa, nashusha kintu.” Ni hivyo tu, wenzangu, hakuna kosa jingine nililofanya kubwa kuliko hilo neno simama.

Mama Kabwe anauza makala mbele ya parseli yake, jirani kabisa na Yaya. Wiki nzima alikuwa amemsikia Yaya anakohoa. Alipoinua macho akaona gari, viti, sufuria, vitambaa vyeupe, na mimi nafungua mlango na uso umekunjwa (kwa magoti!), hakungoja nimsalimie. Alitupa mikono kichwani.

“Yooo! Yaya Filomena we! Unatuacha na nani?”

Mimi nilikuwa na mguu mmoja chini na mwingine bado ndani ya gari. Nikasikia hilo neno, nikafa ganzi. Nikajiambia, Mama Kabwe ni jirani, wanachangia ukuta, yeye ndiye anayejua, kumbe Yaya amekufa na mimi sikuambiwa! Haikunijia hata kidogo kwamba yeye alikuwa anasoma uso wangu kama mimi nilivyokuwa nasoma wake. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika hadi mtaa wa Golf, nikajitupa chini pale barabarani, kitenge na yote, kitambaa kikaruka, nikagaragara. “Yaya yangu! Yaya yangu! Hata kwaheri!” Mama Kabwe aliponiona hivyo alipata uhakika aliokuwa bado hajaupata, akalia maradufu, akina mama wakashuka wakibadilisha wimbo, wakashika ule wa maziko, na barabara nzima ikatoka nje.

Kama ningebaki chini ninalia, ingekuwa afadhali. Lakini mimi ni presidante, kilio kikianza mimi ndiye naamuru, ni mazoea, hata kwa machozi mdomo unafanya kazi wenyewe. Niliinuka nusu nikaanza: “Mushushe viti! Mama moya apike maji! Ba papa, muingie, mutoshe bintu mu salo tutandike mikeka!” Maana mnajua desturi, penye msiba salo inatolewa kila kitu, viti, meza, kabati, vinapangwa nje ili waombolezaji wakae chini. Wanaume wa parseli za jirani ni watu wema, hawakusubiri mara mbili, walikunja mikono ya shati, wakasukuma mlango, wakaingia.

Nikaendelea kulia nikingoja kuona kabati linatoka. Halikutoka. Hakuna kilichotoka, wala sauti. Hatimaye mama mmoja wa kikundi akaja akanivuta mkono, akasema polepole, “Presidante, kuya uone.”

Nikaingia. Wenzangu, mle ndani hamkuwa na kitu. Sakafu ya simenti imefagiwa vizuri sana, mkeka umekunjwa pembeni, sufuria ndogo, sahani imefunikwa, msalaba ukutani, na picha ya harusi yake imeegemezwa chini kwa sababu hata meza ya kuiweka haikuwepo. Kumbe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameuza, kimoja kimoja, wakati wa giza la alfajiri labda, ili amtumie Sylvain cha kuanzia tena. Wale wanaume wamesimama katikati, mikono inaning'inia, wamekuja kubeba na hakuna cha kubeba, na nyuma yao kichwa juu ya kichwa mlangoni, barabara nzima inachungulia. Na mimi niliyempelekea unga, niliyejidai najua siri zake, nilikuwa najua kidogo tu, kile alichotaka nikijue.

Mtu mmoja akauliza, “Mais maiti iko wapi?”

Ndipo akatokea. Alizunguka nyumba kutoka uani, kwenye kile kibanda cha kuogea, amejifunga kitenge, ndoo mkononi, povu la sabuni bado liko sikioni. Mama Kabwe alipiga yowe na kurudi kinyumenyume mpaka akaangusha viroba vyake vya makala. Yaya alitutazama mmoja mmoja, viti, sufuria, mimi na vumbi langu.

“Ni nani alikufa?” aliuliza.

Akaona mlango wake wazi na watu mle ndani, na nikaona anavyoelewa, uso wake ulishuka. Hapo nilitaka kumwokoa, Mungu ni shahidi wangu, nikakimbilia kiroba nikakishika na kupiga kelele kama kawaida yetu: “Yaya, ni mizigo! Mizigo ya Kasomeno imefika!” Nikiwa nimesimama pembeni ya gari la parokia! Na mama mmoja mgeni kwenye kikundi, ambaye hakujua lolote, akanisahihisha kwa upole, mbele ya wote: “Apana, Presidante. Iyi ni bunga ya parokia, ile ya bamaskini.”

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Nilisikia tu Mama Kabwe akinong'ona, “Kumbe Sylvain hatumaka kintu,” na nilijua Yaya naye amesikia.

Yaya alisema, “Aksanti, bamama, aksanti, ba papa. Mutoke mu nyumba, nivae.” Tukatoka. Alifunga mlango, tukabaki nje hatujui tuondoke au tukae, na alipofungua alikuwa amevaa kitenge cha kikundi chetu, kile cha zamani kilichopauka, na kitambaa cheupe. Akapita kwa kila mtu akimpa mkono na kumshukuru kwa kumlilia, kama mfiwa anavyofanya. Alipofika kwangu akanipa mkono vilevile, kwa vidole tu, akapita kwa mwingine.

Sylvain alikuja kesho yake. Mama Kabwe alikuwa amempigia simu katikati ya vurugu kumwambia mama yake amekufa, na tulipotaka kumpigia tena kusahihisha hakupatikana, alikuwa tayari njiani juu ya gari la samaki. Aliingia parseli analia kwa sauti, ndala zake kila mguu na rangi yake, shati limechanika begani, na watu wote waliokuwa wakimwita mfanyabiashara wa Kasomeno wakamwona alivyo. Yaya alitoka mbio akamshika kichwa. “Nyamaza, mutoto yangu, niko, niko muzima.” Naye badala ya kunyamaza alilia zaidi, akasema, “Mama, banajua yote,” akalala usiku mmoja, akaondoka kabla watu hawajaamka. Hajarudi hadi leo.

Unaweza kusema Yaya alipata. Jirani walileta meza, viti, godoro, kila jioni sahani ya bukari na samaki inavuka ukuta, na Padri aliniambia Mungu ametumia hata kosa langu, nami nikaitikia, ndiyo Padri. Lakini Padri haoni jinsi Yaya anavyoipokea ile sahani kwa mikono miwili na macho chini, yeye aliyekuwa akitupikia sisi wote. Nilitaka apate bila kuinamisha kichwa, ndiyo kazi yote aliyoniomba, na sikuiweza.

Nilimwendea baadaye kwa miguu, kikapu kichwani. Alikuwa barazani kwenye kiti kimoja cha vile walivyoleta jirani.

“Karibu, Mama Presidante,” alisema. Maisha yangu yote naye nimekuwa mudogo. Nikapiga magoti, ndiyo, haya haya, nikaanza kuomba msamaha, akanisimamisha.

“Sina hasira,” alisema. “Siku ile nilikuwa mu kuoga, nikasikia munalia. Nikasema, leo ni nani tena? Nikajinawa mbio mbio, hata sabuni haikutoka, ili nikuye kulia pamoya na ninyi.” Akatazama barabara kidogo. “Ulinilia muzuri, vraiment. Basi siku nitakufa kweli, weye ubakie ku nyumba. Ya kwako uliisha kulia. Na bunga, utume mama mwingine.”

Nikatuma mama mwingine. Nimeapa pia kwamba gari la parokia halitasimama tena mlangoni kwa mtu aliye hai, kila anayesaidiwa tunamwendea kwa miguu, mmoja mmoja, na magoti yangu yaume yanavyotaka. Kiapo nakishika. Lakini Yaya ni mzee, na kile kikohozi hakijaisha, na siku moja akina mama watapanda lile gari na viti na sufuria na kukata kona ya Hewa Bora wakiimba, na mimi niliyempenda kuliko wote nitakaa nyumbani, kwa sababu aliniomba.