Wastani wa Wiki Nne na Mahindi ya Kamanyola

Siku yangu ya kwanza kazini, Directeur wa depo ya vyakula, hapa Bukavu, alinipa daftari na amri moja. "Mademoiselle Furaha, kila asubuhi uniletee bei ya mahindi na maharagi. Bei tu. Maoni, hapana." Nilikuwa na licence, digrii ya takwimu, mkononi. Nikachukua daftari.

Lakini bei ya siku moja haisemi mengi. Malori yakichelewa inapanda, yakiingia pamoja inashuka. Kwa hiyo nilichukua bei ya kila wiki kwa wiki nne, nikajumlisha, nikagawanya kwa nne. Wiki mpya ikiingia, ya zamani inatoka. Ndiyo moyenne mobile, wastani unaotembea. Haushtuki ovyo, na ukiutazama unaona soko linaelekea wapi.

Mwaka wangu wa pili, bei ya mahindi ya Kamanyola iliruka ghafla.

"Tununue yote leo!" Directeur akasema mbele ya madereva. "Kesho itapanda tena."

"Papa Directeur, wastani haujasogea sana. Daraja la njiani ndilo limeharibika. Wakilitengeneza, bei itashuka."

"Na kama haishuki?"

"Basi utanifukuza." Mdomo ulitangulia akili.

Directeur hakununua, na wiki nzima bei ilipanda. Kila asubuhi Directeur alisimama mezani kwangu, akasema "Mademoiselle" tu, akaenda. Kisha daraja likatengenezwa, malori yakamiminika, mahindi yakashuka bei. Wenzetu wa depo nyingine walionunua kwa pupa walishika vichwa. Directeur alicheka mpaka akavua miwani. "Tangu leo, lete na maoni."

Nikavimba kichwa. Waliponituma soko la Katana kununua maharagi, wastani ulionyesha soko limetulia. Mama mmoja muuzaji akaniambia, "Weye uko nahesabu siku zenye zilishapita. Miye nimetoka shambani: maharagi inaoza huko." Sikumsikiliza, sikununua. Wiki mbili baadaye maharagi yaliadimika, tukanunua ghali, na niliona haya. Wastani huja nyuma ya mambo. Hilo hawakunifundisha chuoni. Nilirudi kumwomba radhi yule mama. Alinicheka, akanipa kiti.

Sasa nimestaafu, na ninalala vizuri. Juzi dada aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu. Kompyuta yake humchorea courbe za bei, mistari mizuri kuliko yangu.

"Maman, courbe inapanda. Ninunue?"

"Wakulima wanasemaje?"

Nikamsikia akiita pikipiki ya kumpeleka mashambani.